Mifuko ya Mama Pilista

Kabla hujafunga mfuko kwenye tawi la mkuyu, kata tunda moja. Nimeanza na hilo kwa sababu nawajua ninyi wanafunzi, mkishaletewa chai hamtanisikiliza tena. Likate katikati kwa wembe, shika lenzi karibu na jicho lako, kisha lete tunda kwenye lenzi. Wengi wenu mnafanya kinyume: lenzi mnaiweka mbali, shingo mnaikunja, halafu mnasema hakuna kitu. Kitu kipo, ila mnatazama vidole vyenu.

Leo mnaniita Mzee Barnaba. Nilipoingia kazi hii miaka ya themanini niliitwa kijana wa kupanda miti, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote, kupanda na kushuka. Kituo chetu cha wadudu kilikuwa kando ya ziwa, mwendo wa baiskeli kutoka Kisumu mjini, na mimi nilikuwa kibarua, si mtu wa kudumu. Majirani zangu hapa Migosi mpaka leo wanadhani nilikuwa naua wadudu. Mama wa nyumba ya pili hunijia kuomba dawa ya kunguni. Namwambia, "Mama, mimi kazi yangu ilikuwa kungoja wadudu wazaliwe," naye huniangalia kwa huruma na kwenda kujaribu dukani.

Mkisikia nyigu mnamfikiria yule wa kuuma, anayejenga kwenye dari. Huyu wa mkuyu hana habari na wewe. Ni mdogo, kama punje ya wimbi. Jike hutafuta tunda changa la mkuyu, ng'owo kwa sisi Wajaluo, akaingia kwa kimlango kilicho kwenye kitovu cha tunda. Mlango wenyewe ni mwembamba mpaka mabawa yake hukatikia pale pale. Ndani kuna maua madogo mengi, kwa sababu tunda la mkuyu ni maua yaliyofungiwa chumbani. Baadhi ya maua anayatagia mayai, mengine anayapaka chavua, ule unga wa maua aliokuja nao kutoka mti mwingine. Ua lenye yai huvimba likawa kivimbe kigumu, na mtoto wa nyigu anakula na kukua humo humo. Ua lililopata chavua linakuwa mbegu. Mama mwenyewe hatoki tena, anafia ndani.

Baada ya wiki kadhaa madume wanatangulia kutoka kwenye vivimbe vyao. Hawana mabawa na hawaendi mbali. Wanawafuata majike, halafu wanatoboa ukuta wa tunda ili majike wapate njia. Asubuhi moja unawaona wanamiminika. Kitu cha mwisho, na hiki mkishike kwa mikono miwili: tunda ambalo nyigu hakuingia, mti hauna haja nalo. Huliangusha likiwa bichi. Hapo ndipo nilipoponzeka mimi.

Aliyenifundisha haya hakuwa na cheti hata kimoja. Mzee Odera alitoka Port Victoria, alikuwa mvuvi kabla ya kuja kituoni, na alikuwa na mazoea ya kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa badala ya kiti. Kiswahili chake kilikuwa chake mwenyewe. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, lakini mti alikuwa akiusoma haraka kuliko Daktari wetu aliyesoma ng'ambo.

Siku yangu ya kwanza alinipa chombo cha kukusanyia wadudu. Ni chupa ndogo yenye mipira miwili: mmoja unauelekeza kwa mdudu, wa pili unautia mdomoni na kuvuta pumzi, na mdudu anaingia chupani. Kwenye ule mpira wa mdomoni kunakaa kipande cha kitambaa, kumzuia mdudu asiendelee na safari. Mimi kwa usafi wangu niliosha chombo, nikatoa kitambaa, nikasahau kukirudisha. Nikavuta. Odera alikuwa kwenye ndoo yake ananitazama. Nilipomaliza kukohoa akaniuliza, "Umemeza wangapi?"

"Sijui, Mzee."

"Basi andika kwa daftari: wamemezwa, hawakuhesabika. Kitu ikitokea, unaandika vile imetokea."

Nilidhani ananitania. Alinyoosha kidole kwenye daftari mpaka nikaandika. Kama karatasi zile hazijaliwa na mchwa, maneno hayo yapo mpaka leo.

Mkuyu tulioufanyia kazi zaidi ulikuwa wa Mama Pilista. Alikuwa mjane, fundi wa nguo, na cherehani yake ya miguu ilikaa chini ya mti huo, ndani ya boma lake. Mumewe alipohamia boma lile jipya alichimbia nguzo ya ng'owo kwenye ua, na nguzo ikakataa kufa, ikatoa majani. Mume akaenda, nguzo ikawa mti. Jua la kwetu mnalijua, na nyumba yake ilikuwa ya bati, huwezi kushona mle mchana ukamaliza hata kola moja. Kivuli cha mkuyu ndicho kilikuwa duka lake. Sare za shule zilining'inia kwenye tawi la chini, akina mama wa omena, wale wauza dagaa, walipita na nguo zao zilizochanika, wakakaa, wakacheka, wakaondoka wameagiza nyingine ya kushonwa. Na kila alipokata uzi alikuwa akigusa shina kidogo kwa kiganja. Nilimwona mara nyingi na sikumwuliza.

Yeye ndiye aliyetushonea mifuko ya kufungia matunda. Kitambaa cheupe chepesi, mshono mara mbili, na mdomoni kamba ya kuvuta. "Hata kiroboto hapiti hapa," alijisifu. Ilikuwa kweli tupu.

Sasa kulikuwa na shemeji yake, Nikanor, mdogo wa marehemu. Shamba lake la mahindi lilipakana na boma. Misimu miwili mfululizo mahindi yake yaliingiwa na funza. Alikuwa akipasua bua na kutembea nalo kuonyesha watu, funza wanacheza ndani. Halafu asubuhi moja akaona nyigu wanatoka kwenye matunda ya mkuyu kama moshi. Akajumlisha mwenyewe. "Hii mti ndio inazaa hawa wadudu," akasema, "halafu wanakuja kumaliza watoto wangu na njaa." Msimchukie Nikanor. Mtu aliyelima mara mbili na kuvuna mabua lazima atafute wa kulaumu, na mti haujibu.

Alikwenda kwa chifu, akaomba mkuyu ukatwe. Chifu akaja, akautazama mti, akawatazama mashemeji hao wawili, akaona kazi ngumu. Akasema tungoje baraza, baada ya miezi miwili. Watu wa kituo walete hao wadudu, waonyeshe kama wanakula mahindi. Wakila, mti uende. Wasipokula, Nikanor amwache shemeji yake apumue.

Daktari wetu, mama mmoja mtulivu wa upande wa Kakamega, alisema ni rahisi. Tunafunga matunda, nyigu wakitoka wanabaki mfukoni, tunawatia kwenye kizimba cha neti pamoja na mahindi machanga, Nikanor anajionea kwa macho yake. Akaongeza, mbele ya Odera, kwamba kazi hii ikienda vizuri atalipeleka jina langu mbele niandikwe wa kudumu. Hilo sikulala nalo vizuri.

Matunda yalikuwa ndiyo kwanza yanachomoza wakati Odera alipopata habari ya msiba, kaka yake amefariki kule Port Victoria. Alijua hatarudi karibuni. Akaniambia, "Kata tunda kwanza. Ukipata nyigu amekufa ndani, mabawa hana, sasa unajua ameingia. Ndio ufunge." Nikaitikia. Katika maneno yote hayo mimi nilisikia "ufunge".

Kesho yake nilikuwa juu ya ngazi. Niliogopa ndege, niliogopa tumbili, niliogopa watoto wa Nikanor, na zaidi nilitaka Daktari akipita aone mti umevaa mifuko myeupe myeupe na aulize ni kazi ya nani. Matunda yalikuwa madogo kama vifungo vya shati. Sikukata hata moja. Mama Pilista alishika ngazi chini.

"Nyathina," akasema, maana aliniita mwanawe tangu siku ya kwanza, "si ungoje Odera?"

"Mama, hii kazi naijua."

Alishika ngazi mpaka mfuko wa mwisho, na kamba nilizikaza vizuri sana.

Wiki zikapita. Matunda ya nje ya mifuko yakanenepa. Ndani ya mifuko nikaanza kusikia vitu vinabingirika nikiigusa kwa fimbo. Nilipofungua wa kwanza matunda yalikuwa chini ya mfuko, ya manjano, yamesinyaa. Wa pili hivyo hivyo. Yote. Nilisimama kwenye ngazi nikiwa na baridi, saa saba mchana. Nilikuwa nimemfungia nyigu nje, na mti ukafanya unachofanya.

Najua kuna mmoja wenu ana swali. Si ungehamisha mifuko kwenye matunda ya nje, ambayo nyigu wameshaingia? Ndiyo. Dawa ilikuwa pale pale, inanigonga pua. Lakini ningehamisha, Mama Pilista angeshika ngazi tena na kuuliza kwa nini, na daftari lingeuliza, na Daktari angeuliza. Mtu mwenye hofu hatafuti dawa, anatafuta blanketi. Niliyakusanya matunda yaliyoanguka nikayaficha kwenye kopo stoo, na mifuko nikaifunga tena kwenye vishina vitupu.

Baraza ilipokaribia, Jumapili, Mama Pilista akiwa kanisani, nilipanda baiskeli mpaka kwenye mkuyu mwingine kando ya mto, njia ya kwenda Kondele. Matunda ya kule yalikuwa tayari. Nikajaza kikapu, nikarudi, nikayatia kwenye mifuko ya Mama Pilista. Jumatatu asubuhi mifuko ilikuwa imejaa nyigu. Nikawatia kwenye chupa, nikabandika karatasi yenye jina la mti usio wao. Daktari alifurahi, akanishika bega. Sijawahi kushikwa bega likaniuma namna ile.

Odera alirudi siku hiyo hiyo mchana, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Akaziangalia chupa kwa muda mrefu. Akatoka kwa miguu, akarudi na tunda moja mkononi, alilolichuma kwa Mama Pilista nje ya mifuko. Akalikata. Akakata na moja la kwangu. Akayaweka mezani, akakaa kwenye ndoo.

"Angalia."

La kwangu lilikuwa na tundu ukutani, vivimbe vitupu, madume wamekufa ndani. La Mama Pilista vivimbe vilikuwa vimefunga bado, watoto weupe wamelala.

"Mti moja inazaa tunda zake pamoja na inazeesha pamoja," akasema. "Sasa hii mti yako, upande moja imeshakuwa nyanya ya wajukuu na upande ingine bado iko na mimba. Nieleze."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua ni fupi kiasi kile. Nilimweleza yote, mpaka kopo la stoo. Halafu nikaanza kujitetea. Nyigu ni wale wale, nikasema. Mahindi hawali, wawe wa mti huu au ule. Baraza ni keshokutwa. Tukiwapeleka hawa, mti wa Mama Pilista umepona.

"Kweli. Hawali," akasema Odera.

"Sasa shida iko wapi, Mzee?"

"Nikanor akiuliza wadudu wametoka wapi, utajibu nini? Siku atajua walitoka kwa mto, hata ile kweli ataitupa. Atakata mti, na wewe ndiye umempa shoka." Akanyanyuka, akashika mgongo. "Mimi sitasema kitu. Daftari ni yako." Akaenda kunywa chai.

Sikula siku mbili hizo. Kama tungesema kweli barazani, tusingekuwa na nyigu wa kuonyesha, maana matunda yale ya nje yalihitaji siku nyingine zaidi ya kumi. Na Nikanor alikuwa ameshaita watu wawili wa msumeno. Kila nilipofikiria jina langu la kudumu nilimwona pia Mama Pilista ameshika ngazi.

Baraza ilikaa kwenye kibanda cha bati karibu na ofisi ya chifu. Wale wa msumeno walikuwa wameegemea ukuta nje, msumeno umefungwa kwa gunia. Mama Pilista alikaa mbele na akina mama wa omena, mikono mapajani. Chifu akaita watu wa kituo. Daktari akanionyesha kwa mkono nisimame, ili nipate sifa zangu.

Nikasema. Nilisema kwa Kiswahili, halafu kwa Dholuo ili asibaki mtu. Kwamba nilifunga mapema, matunda yakaanguka, nikaenda kuiba nyigu wa mto. Watu walicheka mpaka bati likaitikia. Daktari alitazama viatu vyake. Nikanor akasimama, hakucheka. "Mmesikia wenyewe," akasema. "Wamesoma, na hata hawajui wadudu wao."

Chifu akaniuliza, "Kwa hivyo leo hauna kitu ya kuonyesha?"

"Niko na hii, Chifu." Nikamimina kopo mezani. Yale matunda ya manjano yaliyosinyaa. Kando yake nikaweka kishada kibichi, kinene, nilichokata asubuhi hiyo. "Hizi za kopo nilifunga, nyigu hakuingia. Hizi zingine sikufunga. Tawi ni moja."

Mama Pilista akainama mbele, akachukua tunda moja lililosinyaa, akaligeuza vidoleni kama anatafuta mshono ulioachia.

"Kwa hivyo hao wadudu wakikosekana," akauliza, "ng'owo ya mzee wangu haizai?"

"Haizai, Mama."

"Na hizi zimeanguka sababu ya mifuko yangu."

"Sababu yangu mimi, Mama. Mifuko haina makosa."

Akalirudisha tunda mezani. Akamgeukia shemeji yake, sauti ya kawaida kabisa. "Baba Atieno, mbuzi zako kiangazi kilichopita zilikula nini?"

Kila mtu pale alijua mbuzi wa Nikanor hushinda chini ya mkuyu ule nyasi zikiisha, wanaokota matunda. Akakaa. Baadaye akasema, chini chini, kwamba lakini mahindi yake bado yana funza, na hilo nani atamjibu. Lilikuwa swali la haki. Chifu akatoa wiki tatu. "Na huyu kijana," akasema, "asiguse mfuko." Wale wa msumeno wakaenda zao.

Safari hii Odera ndiye aliyefunga, na mimi nikashika ngazi. Nyigu wakatoka. Kizimba tukakiweka uani kwa Nikanor mwenyewe, mahindi machanga ndani. Nyigu wakafa siku ya pili, mahindi yanatazama. Daktari naye akawatia funza wa Nikanor kwenye chupa pamoja na vipande vya bua, akamwambia akae nayo nyumbani. Baada ya muda akatoka kipepeo wa usiku, rangi ya majani makavu. Nikanor alileta chupa kituoni kwa baiskeli, ameishika kwa mkono mmoja, na tangu hapo akawa anang'oa na kuchoma mabua yake kila baada ya mavuno. Alikuja kuwafundisha wengine kwa ukali kuliko sisi.

Jina langu halikupelekwa. Daktari aliniambia mlangoni, bila hasira, kwamba atangoja aone. Alingoja muda mrefu, na mimi nikabaki kibarua wakati vijana walionikuta walikuwa wameshakuwa wa kudumu. Iliuma, sitawadanganya. Nilipoandikwa hatimaye, Odera alikuwa amestaafu, na ndoo yake aliniachia.

Mama Pilista hakunitajia jambo lile hata siku moja. Alinipa uji, akanishonea shati la harusi, akashika ngazi nilipomwomba. Kunyamaza kwake kulinisumbua kuliko kicheko cha baraza. Nilitaka anikaripie tuyamalize.

Miaka ya tisini mwishoni gugumaji liliziba fuo, wavuvi wakakosa pa kutokea, nasi kituoni tukahamishiwa kwenye kazi ya gugu. Mikuyu nikaiacha. Ndipo nikapata habari kwamba Mama Pilista ametutoka. Nilikwenda. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa kanga pale pale chini ya mti, na mti ulikuwa umezaa kutoka shinani mpaka juu. Nikanor, mzee sasa, alikuwa anawapangia wageni viti kivulini, akiwaambia wasikanyage matunda.

Binti mkubwa wa Mama Pilista akaniita pembeni. Akanipa mfuko mmoja mweupe, wa zamani, umefuliwa na kupigwa pasi. Mdomoni, pale pa kupitishia kamba, palikuwa patupu.

"Mama aliniambia nikupe," akasema. "Kamba ametoa mwenyewe. Alisema Barnaba bado kijana, anaweza kufunga tena."

Nilikuwa na mvi wakati huo. Nilicheka, pale pale msibani, watu wakageuka, na kicheko hakikufika mwisho kabla sijalia.

Mfuko ndio huo mezani, mlioniuliza mbona hauna kamba. Haya, mmoja wenu alete wembe.